Dizeli Inayonukia Chipsi

Wa kwanza kutupokea walikuwa paka. Barabara ya lami tulikuwa tumeiacha zamani, tukipenya baina ya mawe na mikadi, nami sikujua tunakwenda wapi, maana dereva alikuwa akizungumza tangu mjini na hakuniachia hata upenyo wa kuuliza. Mara kikatokea kijiji: nyumba za mawe na chokaa, mwani umeanikwa juu ya majamvi, na bahari nyuma yake nyeupe kwa jua. Hakutoka mtu. Walitoka paka, wa rangi zote, wazima na wenye sikio moja, wakashika nafasi nyuma ya gari na kutuandama kama watu waliosikia pana maulidi ya pilau.

"Unawaona?" akasema Nasser, akitazama kioo kwa furaha. "Hao ndio mashahidi wangu. Binadamu atakwambia uongo, yakhe. Paka hana sababu."

Nimepanda magari yanayokwenda kwa petroli, kwa gesi, kwa kuni, na moja huko Goa lililokwenda kwa matusi ya dereva peke yake. Lakini gari linalokwenda kwa mafuta yaliyokwishakaanga chipsi za Wataliani nilikuwa sijapata kulipanda. Moshi wake ulinukia jikoni hasa. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kwanza ya Ramadhani, mwaka 2008, na tumbo langu likaanza kunisemesha kwa kila lugha ninayoijua.

Jina la kijiji silitaji. Kiko baina ya Chwaka na Uroa, na watu wake wanajua kusoma.

Nasser Mbarouk alikuwa mtu wa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, wa miaka hamsini na mbili, kutoka ukoo wa Waarabu ambao zamani walimiliki mashamba ya karafuu na siku hizi wanamiliki picha za mashamba hayo, zimetundikwa ukumbini kwa misumari mizuri. Yeye mwenyewe alikwisha kuwa kila kitu. Mwaka wa themanini na tano, biashara zilipofunguliwa, aliingiza redio za kaseti, zikafika zote bila ya vifuniko vya betri. Akatengeneza majokofu. Akafundisha Kitaliani vijana wa ufukweni, akiwa na maneno arubaini ya lugha hiyo, thelathini kati yake majina ya vyakula. Kila biashara aliiingia kwa kishindo na kutoka kwa mlango wa uani, na kila mara sababu ilikuwa moja: Nasser alikuwa tayari kupoteza kila alichonacho, ila si ubishi.

Mwaka ule, mwezi wa Mei, umeme ulikatika kisiwa kizima na haukurudi kwa muda wa mwezi. Mji Mkongwe uligeuka karakana. Kila mlango uliochongwa kwa nakshi ulikuwa na jenereta mbele yake, inakohoa. Mgeni mmoja wa Kiholanzi, kabla hajakimbilia kwenye nchi yenye feni, alimwachia Nasser karatasi sita zilizoeleza namna ya kufanya dizeli kwa mafuta machafu ya kupikia. Nasser alizisoma kwa mshumaa. Asubuhi alikuwa mhandisi.

Alianza kwa kosa ambalo Mholanzi asingeweza kumwonya. Alibeba madumu akapita mlango kwa mlango, Malindi, Funguni, mpaka Ng'ambo, akiomba mafuta yaliyochakaa.

"Yaliyochakaa vipi?" waliuliza kina mama.

"Ambayo mshayatumia."

"Ah. Hayo ndo tunayotumia."

Mafuta ya kukaangia Unguja hayachakai. Yanakaanga sambusa, yakamiminwa koponi. Yanakaanga samaki, yakarudi koponi. Keshoye yanaungia mchuzi. Yakiwa meusi ndiyo yamekomaa. Bibi mmoja wa Funguni alimwonyesha kopo alilorithi kwa mama yake, na hakuwa na hakika kama ndani hamna mafuta ya mama yake vilevile. Nasser alirudi na madumu matupu na kitumbua alichopewa kwa huruma.

Basi akaenda kwenye mahoteli ya pwani, Matemwe na Uroa. Mzungu ana huruma na mafuta. Yakifanya kazi siku tatu huyapumzisha. Wapishi walimjazia madumu bure, wakamshukuru juu. Nasser alikuwa na sharti moja tu: mafuta yaliyokaanga samaki hachukui. "Yana maji na yana kiburi," alisema. "Mimi nachukua ya chipsi. Chipsi tupu."

Uani kwa marehemu mama yake akaweka mapipa. Mafuta huchujwa kwa kitambaa, yakachemshwa mpaka maji yote yatoke, kisha yakachanganywa na spiriti kali, ile inayopofusha mtu akiinywa, pamoja na magadi makali ya kutengenezea sabuni. Yakikorogwa sawasawa huachwa kulala. Asubuhi yamegawanyika: chini tope jeusi zito kama asali, juu dizeli, rangi ya chai isiyo maziwa. Kujua magadi yatiwe kiasi gani, wenzetu wana dawa za maabara. Nasser alitumia manjano ya mchuzi. Alitia tone la mafuta kwenye kikombe cha kahawa, pamoja na spiriti na manjano kidogo, akadondosha maji ya magadi mpaka rangi ya njano ikageuka nyekundu, na matone aliyoyahesabu ndiyo yaliyompa kipimo. Nilimwona akifanya hivyo, na kwa dakika kumi hakusema neno. Ni dakika kumi pekee nilizomheshimu bila ya masharti.

Mkewe, Badriya, alivumilia giza la Mei. Harufu hakuivumilia. Alikwenda Maskati kwa kaka yake Amjad, mwenye kituo cha petroli, na kutoka huko akatuma hukumu kwa simu: akipatikana mnunuzi mmoja wa kweli, wa kutia saini mkataba wa mwaka, yeye atarudi Malindi kabla ya Idi, harufu au si harufu. Asipopatikana, Nasser atafunga uani, atapanda ndege, atavaa sare ya Amjad.

"Sare ya rangi gani?" nilimuuliza.

"Ya machungwa," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Mnunuzi mwenyewe alikuwa kijiji hiki. Walikuwa na kisima kirefu na pampu ya dizeli, ikifanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa saba, na dizeli ya dukani ilikuwa imepanda hata wakaanza kuitazama kama manukato. Kamati ya maji ilikubali kujaribu mafuta ya Nasser siku ishirini za Ramadhani. Siku ya ishirini mwenyekiti angetia saini, au asingetia.

Mwenyekiti aliitwa Gharib. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo ya unyenyekevu, aina ambayo nimekutana nayo katika kamati za mabara matatu. Alitupokea kwenye kibanda cha pampu, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, Mzee Gharib."

"Marahaba, Sheikh Nasser. Na huyu?"

"Huyu mwandishi. Anazunguka dunia."

"Maskini," alisema Gharib, kwa huruma ya kweli.

Dereva wa pampu, kijana wa makamo aitwaye Mmanga, alimimina dizeli mpya akazungusha mkono wa chuma. Injini ikapiga chafya, ikakubali. Tulipeana mikono. Nilipanga chumba palepale kijijini, kwa kuwa nilitaka kuona mwisho, na kwa kuwa gari la Nasser halikuwa na kiti kisicho na springi iliyochomoza.

Harufu ilitufikia siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri.

Mtu ambaye hajawahi kufunga mahali penye upepo hawezi kuelewa. Kijiji kizima hakijatia kitu kinywani tangu alfajiri, jua liko utosini, na hewa yote, kutoka msikitini mpaka ufukweni, inanukia viazi vilivyotoka kwenye mafuta sasa hivi, bado vinachuruzika. Wanaume waliokuwa wamelala barazani waliinuka wakakaa. Wanawake walitoka majini na mwani mabegani. Kwa mujibu wa desturi ya kisiwa hiki, anayekaanga mchana wa Ramadhani hahitaji kuonekana. Pua za majirani zinatosha kumtia hatiani. Na pua zote zilikwenda kwa mtu mmoja: Bi Mashavu, mjane, muuza bajia na viazi vya kukaanga njia panda, mwanamke pekee kijijini mwenye karai la ukubwa wa kiti.

Ujumbe ulikwenda kwake. Aliuongoza Gharib mwenyewe, kwa masikitiko. Walikuta karai limefunikwa, jiko lina majivu baridi, na Bi Mashavu amelala.

"Mmekuja kunifilisi au kunioa?" aliuliza.

"Bi Mashavu, pana harufu."

"Naisikia. Na kama ningekuwa mimi, ingekuwa nzuri zaidi."

Walipotoka ndipo Mmanga, kwa aibu, akasema kwamba harufu inatoka kwenye bomba la moshi la pampu.

Nilidhani mambo yamekwisha siku ya kwanza. Watu walikusanyika, wakataka mashine izimwe. Nasser alitoa karatasi za Mholanzi. Hapo Gharib akatushangaza sote. Aliinua mkono, akasema kwa ile sauti yake ndogo kwamba moshi haufunguzi mtu, kwamba kunusa si kula, na kwamba kama Mola amependa kututia mtihani kwa njia ya pampu, sisi ni nani wa kuizima? Anayeshindwa na harufu, alisema, basi saumu yake ilikuwa ya kuazima. Watu waliona haya wakatawanyika.

"Mtu mwenye akili," Nasser alininong'oneza. "Mkataba huo nnao mfukoni."

Ikaendelea hivyo wiki nzima. Kila siku saa tatu pampu iliwashwa, kijiji kikanukia, kikaguna, na Gharib akakinyamazisha kwa aya na mithali. Nasser alikuja kila asubuhi na pipa jipya, paka nyuma yake. Alimpigia Badriya akamwambia aanze kufunga mizigo. Badriya akajibu kwamba atafunga sanduku moja.

Sauti moja tu haikunyamaza. Jioni, watu wakisubiri bajia, Bi Mashavu alikuwa akigeuza mwiko na kusema, "Harufu ziko mbili."

"Mbili vipi, Bi Mashavu?"

"Moja chipsi. Hiyo ya mashine, nshaikubali. Nyingine samaki. Haiji mwanzo. Inaingia kuanzia saa tano, na ni tasi, na kakaangwa kwa mafuta mapya. Mimi miaka thelathini nimo kwenye karai, usinifunze."

Watu walicheka. Nasser hakucheka. Mtu mwingine angeisikia ile habari akaifunika, maana ilikuwa wazi kwamba haimpunguzii kitu. Lakini yeye alipigwa mahali pabaya.

"Samaki? Bi Mashavu, mimi samaki sichukui!"

"Pengine wamekutilia."

"Hawawezi kunitilia! Nachuja mwenyewe! Dizeli yangu ni chipsi tupu!"

"Haya, mwanangu. Chipsi. Na tasi."

Nilimkuta usiku wa manane wa roho yake saa kumi na mbili na nusu jioni, kwa namna ya kusema: futari mbele yake haijaguswa, anajinusa mikono.

"Muache," nilimwambia. "Umebakisha siku kumi na moja. Hata wakisema inanukia ngamia, mkataba ni mkataba."

"Wewe mtu wa kupita," alisema. "Huna jina hapa."

Siku ya kumi pampu ilisimama. Haikuwa ajabu, Mholanzi aliandika katika karatasi ya tano kwamba mafuta haya huosha tangi. Tangi la pampu ile lilikuwa halijaoshwa tangu lilipofungwa, na sasa mashapo ya miaka ishirini yote yaling'oka pamoja yakakaba chujio. Saa nne injini ikakohoa, ikafa. Nasser na Mmanga walifungua, wakasafisha, wakafungua tena. Watu kadhaa walikuja kutazama, kwa kuwa mashine ya mwenzio iliyokufa ni burudani isiyofunguza. Bi Mashavu alikuja na ndoo mbili, akazigeuza kichwa chini akakalia moja.

Saa tano ikafika. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma taratibu. Pampu ilikuwa imelala vipande vipande juu ya gunia, baridi kama maiti.

Bi Mashavu akainua pua.

"Haya," alisema. "Kaingia."

Tukanusa wote. Hapakuwa na chipsi hata chembe. Palikuwa na samaki, safi, na ndimu juu yake.

Niliona uso wa Nasser ukifunguka kama dirisha. Nami nilielewa nusu ya dakika kabla yake, kwa sababu mimi sikuwa na dizeli ya kuitetea. Nilielewa ni nani aliyehitaji kijiji kinukie kila siku kwa saa hizohizo. Nikamshika kanzu.

"Nasser. Nyamaza. Kaa chini."

"Ninyamaze? Mashine imezimwa! Imezimwa, na samaki huyo hapo!" Aliruka juu ya gunia, akapanda tofali. "Enyi watu! Nusani! Mnanusa nini? Samaki! Na pampu iko wapi? Hii hapa, matumbo nje! Si mafuta yangu! Wallahi si mafuta yangu!"

"Nshasema," alisema Bi Mashavu, akiokota ndoo zake.

"Twendeni tukamtazame!"

Yeye ndiye aliyeongoza. Bi Mashavu alikuwa pua, Nasser alikuwa bendera, na nyuma watu thelathini na paka wao. Tulipita msikiti, tukapita nyumba tatu, upepo unatupiga usoni, na kila hatua samaki anazidi kuiva. Tukafika kwenye banda la kuwekea mwani, nyuma ya nyumba kubwa kuliko zote pale ufukweni. Wachache walianza kuzipunguza hatua, wakiitambua nyumba. Nasser hakuitambua. Alikuwa anashinda. Aliusukuma mlango.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa amechutama mbele ya jiko la mchina, fulana na msuli, kanzu yake imetundikwa msumarini isishike harufu. Ndani ya kikaango walikuwamo tasi wawili. Wa tatu alibaki mwiba. Gharib alitazama mlangoni, na kilichomtisha, nina hakika, hakikuwa wingi wa watu. Kilikuwa ukimya wa pampu nyuma yao. Mlango wa banda ulikuwa umefungwa. Hakuisikia pampu ikinyamaza. Alikaanga kwa ratiba aliyoipanga mwenyewe.

"Ya futari," alisema.

"Saa tano hii?" Bi Mashavu aliuliza. "Kwako jua lishatua, Mwenyekiti?"

"Nina vidonda vya tumbo."

"Na pilipili yote hiyo?"

Nasser alikuwa bado anahema kwa furaha. Akaugeukia umati, kidole kwenye kikaango. "Mmeona? Tasi! Mafuta mapya!" Kisha akamgeukia Gharib kushirikiana naye ushindi, kama mtu anayemtazama rafiki yake mkubwa. Hapo ndipo alipomwona mwenye saini yake. Nilikuwa karibu, na sikufurahi kama nilivyotarajia.

Kicheko kilianzia nyuma. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mmanga, ambaye siku ya tatu nilimkuta nyuma ya tangi la maji anakunywa vikombe viwili, akanieleza kwamba anapima kama maji yana chumvi.

Kamati ilikutana baada ya sala ya alasiri, bila mwenyekiti. Nasser alijitetea vizuri, pengine hajapata kujitetea vizuri hivyo maishani: mafuta safi, bei nafuu, chujio jipya kesho. Kila alilosema lilikuwa kweli. Lakini waliokuwa wamenyamazishwa wiki nzima na mtu anayekula mchana hawakutaka ukweli. Mmoja aliiita pampu "mashine ya Gharib". Mwingine aliuliza ni akina nani wengine waliokula chini ya moshi ule, na baada ya swali hilo nilishuhudia wanaume wazima sita wakitazama vidole vya miguu yao, kisha wote sita wakataka mashine iondolewe leo hii, kwa ajili ya dini.

Bi Mashavu, aliyeketishwa mbele siku hiyo kwa mara ya kwanza, ndiye aliyemweleza. Hakumdhihaki.

"Mafuta yako mazuri, mwanangu. Hata mimi ningeyanunua. Lakini mwezi huu pua ndio askari wetu, na wewe umewatia mafua."

"Mwezi huu tu," alisema Nasser. "Mkataba ni wa mwaka."

"Na aliyekuwa akutilie saini umemtoa mwenyewe, kwa mkono wako. Gharib ni wa kwetu, aibu yake tutaisahau; wewe, kila moshi wako utatukumbusha."

Alifungasha mapipa yake peke yake. Badriya alipopiga simu jioni, Nasser alimwambia habari zote kuanzia pampu ilipozimwa, akifuata kila hatua, na sauti yake ikapanda alipofika mlangoni.  Kisha nilisikia, kwa mbali, swali la mke: mkataba? Nasser akajibu, "Lakini imethibitika."

Sanduku la Badriya lilifunguliwa tena Maskati. La Nasser lilifungwa Malindi, siku ya tatu ya Idi. Uani palikuwa pamebaki mapipa mawili na kikombe cha kahawa chenye doa jekundu chini. Aliniachia funguo za nyumba mpaka apatikane mpangaji, na za gari, ambalo hapana mtu angelinunua.

Teksi ya petroli ilisimama mdomoni mwa kichochoro. Aliweka sanduku, akanusa kiti, akakunja uso.

"Usije ukalitia dizeli ya duka," aliniambia. "Litaugua."

"Sitalitia."

Alipanda. Dereva alikwishatia gia alipotoa kichwa dirishani.

"Lakini unakubali, yakhe? Haikuwa yangu?"

"Haikuwa yako, Nasser. Ilikuwa tasi."

"Wa mafuta mapya," alisema, akaridhika, akaenda Maskati kumtilia petroli shemeji yake.

Nikarudi nilipoliegesha gari, Funguni, kulisogeza kivulini. Niliwasha, nikaenda hatua ishirini, nikazima. Walikuwa wamekwishakuja paka saba, wamekaa kimya nyuma ya bomba, mikia imezunguka miguu. Wa nane alikuwa anateremka ukutani.